Manowari ya Bomba Tatu

Miaka ya 1970 sisi watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, tulikuwa na mizinga miwili ya kuchezea. Ilikuwa nje ya Ngome ya Yesu, na tukitoka chuoni alasiri tuligombania kuipanda. Jua likikaza, chuma kilituunguza mapaja tukarukaruka kama karanga kikaangoni. Hatukujua kuwa tumewakalia maadui wawili.

Aliyejua ni ami yangu. Babu alikuwa baharia wa jahazi, na alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, alikuwa Unguja. Pegasus, manowari ya Waingereza, ilikuwa imetia nanga ikisafishwa mashine. Königsberg ya Wajerumani, chini ya Kapteni Max Looff, ikaja ikasimama mbali, makombora ya Pegasus yasikofika, ikaipiga mpaka ikanyamaza. Siku hiyohiyo Pegasus ikazama. Babu hakuwahi kutamka Königsberg. Kwake ilikuwa manowari ya bomba tatu, jina ililopewa na watu wa Dar es Salaam tangu ilipoingia huko mwezi Juni na dohani zake tatu.

Haikufika mbali. Ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915, ilipokwisha kupigwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey, Looff akaamuru ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe.

Hapo ndipo hadithi ya Ami ilipoanza kunoga. Mizinga yote 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutiwa magurudumu, kisha ikaburutwa kwa kamba na mamia ya wapagazi, matopeni na milimani. Waingereza nao wakaopoa ya Pegasus. Meli mbili zikawa chini ya maji, mizinga yao ikiendeleza vita nchi kavu! Tangu hapo nimesoma mengi juu ya Looff. Jina la mvuta kamba hata mmoja sijalikuta.

Ile miwili tuliyoipanda ilikuwa mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria. Wetu ulibaki kwenye upepo wa chumvi, na mwaka mmoja Ami akapata kibarua cha kuipaka rangi yote miwili. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akamalizia kwa msasa. Nyuma ya mtutu rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi hata herufi zilizochongwa zikazibika. Hakuambiwa na mtu, wala hakulipwa zaidi, lakini alizifukua kwa ncha ya msumari, moja baada ya nyingine, ndipo akachovya brashi.

Mimi nilikuwa mshika kopo. Alipomaliza wa Mjerumani akageukia wa Mwingereza, nikamuuliza:

“Ami, kati ya hawa, nani alishinda?”

“Ondoka hapo kwanza, rangi mbichi. Mamako akiiona hiyo kanzu, atakayeshindwa ni mimi.”