Mkanda na Mzigo Wake

Asubuhi za Mkuu, makao ya Wilaya ya Rombo, humshangaza mgeni aliyetoka pwani. Ukungu huteremka kutoka Kilimanjaro ukaifunika migomba na mibuni, na watu wakutanapo njiani huitoa mikono mifukoni kwa kusitasita ili wapeane. Barabara ya lami itokayo Himo, ikapanda Marangu na kuelekea Tarakea mpakani, hupita hapo, na kandokando yake hukaa wachuuzi, mafundi cherehani na washona viatu. Katika kibanda cha mmoja wa washona viatu hao ndimo alimoingia siku moja mwalimu mstaafu, mikononi amebeba gitaa lililofungwa kwa kitenge kama abebwavyo mtoto mgonjwa.

Fundi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, aliinuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa, lakini dawa ninayoitaka si yake. Ni ya kumkinga."

Kitenge kikafunguliwa. Lilikuwa gitaa kavu, la mbao za rangi ya asali, na shingoni mwake, chini kidogo ya vigingi vya nyuzi, palikuwa na mstari mweusi wa gundi. Seremala alikuwa ameunga palipovunjika. Lilianguka arusini, wimbo ukiwa katikati. Mkanda ulichanika kwenye tundu, gitaa likateleza kifuani mwa mwalimu na kupiga sakafu ya saruji, na waliokaa nyuma walidhani ni meza iliyopinduka.

Gitaa hilo lilikuwa la kaka yake, aliyepiga katika bendi za dansi mjini Moshi miaka ya 1970 na ambaye sasa ni marehemu. Mwalimu alilirithi, akalitoa kwenye dansi na kulipeleka kwaya. Sasa vidole vyake vimeanza kukakamaa, na anayelishika zaidi ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili. Seremala alimwambia bila ya kuficha kwamba mvunjiko wa kwanza una gundi, wa pili hauna. Ndiyo maana shauri la kuchagua mkanda, ambalo kwa mtu wa mbali ni jambo dogo, lilimkosesha mwalimu usingizi. Mzigo wa mwenzio, walisema wahenga, ni kanda la usufi.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza mkanda ni wa nini. Watu wa taarabu hupiga wakiwa wamekaa. Udi hulazwa pajani, kanuni huwekwa juu ya magoti au mezani, na fidla hushikwa kati ya kidevu na bega. Ngozi katika ala za pwani ina kazi nyingine kabisa: huwambwa juu ya ngoma, na zamani iliwambwa juu ya tumbo la gambusi, ikawa sehemu ya sauti yenyewe. Penye gitaa ngozi haina sauti. Kazi yake ni kubeba, na ikiibeba vyema hakuna anayeikumbuka.

Gitaa nalo lilijua kukaa. Mlima huu unayo historia yake katika jambo hilo. Frank Humplick (1927–2007), mzaliwa wa Moshi, ambaye baba yake alikuwa Mzungu na mama yake Mchagga, alirekodi na dada zake wawili katika miaka ya 1950 nyimbo za Kiswahili na za Kichagga, na gitaa lake kavu lilitosha kuzibeba sauti tatu bila ya msaada wa ala nyingi. Gitaa kavu la namna hiyo hutosheka na kiti na watu wachache waliokaribia. Lakini dansi ilipohamia kumbi kubwa, na magitaa ya umeme yalipoingia, mpigaji alilazimika kusimama. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, na wenzake wa Morogoro Jazz walikuwa wa kizazi hicho cha waliosimama. Kanisani nako, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965, ibada za Kikatoliki zilipoanza kusomwa na kuimbwa kwa lugha za watu, ala za watu nazo zikafunguliwa mlango. Kwaya huimba ikiwa imesimama, na apigaye gitaa husimama nayo. Basi uzito wa gitaa ukatoka pajani ukahamia begani, na kati ya bega na sakafu pakabaki kipande cha ngozi chenye matundu mawili.

Mwalimu aliutoa mfukoni mkanda uliochanika. Fundi aliupeleka kwenye mwanga, akaupindua, akauchungulia pale ulipokatika. Kwa nje ulikuwa mweusi wenye kung'aa, na umechorwa vinyweleo kama vya mnyama. Ndani haukuwa na nyuzi zilizosokotana, zile ambazo ngozi ya mnyama hukua nazo, bali tope kavu la rangi ya udongo. Yalikuwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakagandishwa kwa gundi juu ya kitambaa na kufunikwa ganda la plastiki.

"Wameandika ni ngozi," alisema mwalimu.

"Hawakusema uongo, Mwalimu. Unga wa mahindi nao ni mahindi. Lakini huwezi kuupanda."

Kabla ya kufika kibandani hapo mwalimu alikuwa amekwisha kuipima mikanda mingine miwili. Wa kwanza ulikuwa wa nailoni, na haki lazima isemwe: nailoni ni imara, ni nyepesi na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Wapigaji wengi wanaitumia miaka mingi bila ya hasara. Kasoro ya ule aliouona ilikuwa kwenye ncha. Nailoni yenyewe haitobolewi tundu la kifungo, hivyo hushonewa vipande vya ngozi katika ncha zake mbili, na vipande vya mkanda ule vilikuwa vyembamba kama jani, vimeshikwa kwa mshono wa mstari mmoja. Mkanda mzima waweza kuwa kamba ya nanga, lakini nguvu yake haizidi ile ya ncha.

Wa pili aliupata Moshi mjini, katika soko la mitumba la Memorial, na huo ulikuwa wa ngozi kweli, mpana, laini, wenye maua yaliyogongwa kwa mhuri. Nusura aununue. Kilichomzuia ni kwamba aliukunja karibu na tundu akaona nyufa ndogondogo zikifunguka, kama ardhi ya kiangazi. Ngozi ikikosa mafuta kwa miaka hukauka, na ikikauka huvunjika ndani kabla ya kuonyesha nje. Mwenyewe wa kwanza aliupenda mkanda ule kwa macho na hakuupaka mafuta.

Alichojifunza mwalimu kibandani, na ambacho ndicho maarifa ya mtu yeyote anayetaka mkanda mwema, kilianza na mahali ngozi ilipokatwa. Ngozi ya ng'ombe haina nguvu sawa kila mahali. Ya tumboni ni legevu, nayo huvutika na hairudi. Ya mgongoni, kandokando ya uti, ndiyo iliyoshikamana, na mkanda unapaswa kukatwa hapo, ukifuata urefu wa mnyama. Ngozi ya mbuzi ni nzuri kwa mfuko na kwa jalada la kitabu. Kwa kubeba gitaa peke yake ni nyembamba mno. Unene wa milimita tatu hivi hutosha. Upana wa sentimita tano ni wa kutosha kwa gitaa kavu, ambalo uzito wake ni kama kilo mbili. La umeme, ambalo aghalabu hufika kilo nne, lataka zaidi ya hapo, ili bega lisikatwe.

La pili ni namna ngozi ilivyotengenezwa. Viwanda vingi duniani hutumia chumvi za kromiamu, kwa kuwa kazi huisha kwa siku chache na ngozi hutoka laini, inayostahimili maji. Njia ya kale ni ya maji ya magome, na magome ya miwati, miti ambayo nchini humu hupandwa kwa wingi Njombe, ni miongoni mwa yanayotumika zaidi. Hiyo huchukua majuma, pengine miezi, lakini ngozi yake ni ngumu kiasi, hushika umbo, na kadiri inavyotumika hulainika na kujikunja kulingana na bega la mwenyewe. Tone la maji likiitua huingia na kuacha doa jeusi kwa muda, ilhali juu ya ganda la plastiki tone huteleza. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote. Kuna sababu nyingine ya kuiepuka plastiki laini: vanishi za baadhi ya magitaa ya zamani hulainika na kubabuka zikigusana nayo kwa muda mrefu.

La tatu ni mshono. Cherehani hupitisha nyuzi mbili, moja juu na nyingine chini, zikashikana katikati. Mmoja ukikatika, mshono huweza kufumuka wote. Fundi wa mkono hutoboa kwa maharazi, kisha hupitisha uzi mmoja uliopakwa nta, wenye sindano katika ncha zote mbili, zikipishana ndani ya kila tundu. Kipande kimoja kikikatika, vingine hubaki mahali pake. Wazee wa Lamu na Unguja walioshona makubadhi wangeutambua mkono huo bila ya kuelezwa.

Fundi alitaja bei. Ilikuwa mara tano ya ule mkanda uliochanika. Mwalimu alinyamaza kitambo, kwa kuwa pensheni ina mwisho, na ada ya shule ya mjukuu ilikuwa inakaribia. Kisha akauliza kama inawezekana kuchorwa mlima katikati na jina la marehemu karibu na tundu. Fundi alikubali mlima, akakataa jina.

"Karibu na tundu sichori kitu, Mwalimu. Kila mchoro ni jeraha."

Walikubaliana juma moja. Juma likaisha, mwalimu akarudi, hakukuta mkanda. Alikuta ngozi iliyokatwa vizuri, imetupwa kwenye kapu la vipande vya kutengenezea visigino. Fundi alimwonyesha sababu. Alipoiloweka, pale pale ambapo tundu lingetobolewa palijitokeza kovu la kupe, dogo kama punje ya mtama. Makovu ya kupe, miiba na chuma cha moto cha kutia alama huziharibu ngozi nyingi za nchi hii kabla hazijafika kwa mtengenezaji. Fundi alikuwa ametuma apatiwe nyingine, ya ng'ombe wa kufugwa bandani, kwani aamini kwamba ng'ombe anayelishwa majani ya migomba nyumbani hakwaruzwi na miiba ya mbugani. Mwalimu aliingojea juma la pili. Hakulalamika, ingawa arusi nyingine ilikuwa mbele na alishaahidi kwamba gitaa litakuwapo.

Safari hii aliukuta mkanda ukining'inia kwenye boriti ya kibanda, na chini yake debe lililojaa maji, yapata kilo ishirini. Lilikuwa limelala hapo usiku kucha. Fundi aliupima kwa uzi aliofunga fundo tangu jana. Ulikuwa umerefuka upana wa kidole. Ngozi ivute i maji, husema wahenga, nao hawakuwa wakisema watoto pekee. Mkanda usiovutwa na fundi huvutwa na gitaa, na hapo mpigaji hujikuta kila mwezi mkono wake ukishuka na vidole vikitafuta nyuzi mahali zilipokuwa. Tundu lenyewe, la mviringo na lenye mpasuko mfupi juu yake, halikuwa limepanuka. Lilikuwa dogo kuliko kifungo, hata fundi akatumia kidole gumba chake chote kulisukuma mpaka likaingia.

Kisha akamwita msichana, aliyekuwa amesimama nje. Aliamkia, akaketi kwanza, gitaa likakaa pajani, na fundi akatia alama mahali mkono wa kushoto ulipofika. Akamsimamisha, akarefusha na kufupisha kwa bizimu hadi gitaa likarudi usawa ule ule. Hilo ndilo kusudi la urefu wa mkanda, kwamba aliyejifunza akiwa amekaa asilazimike kujifunza upya akisimama. Upande wa nyama ya ngozi, wenye manyoyanyoya, ulikaa juu ya sweta la shule na haukuteleza. Fundi alitoboa matundu mawili ya ziada kwa ajili ya babu. Mwalimu akasema yasitobolewe zaidi ya hayo.

Jumapili iliyofuata kwaya ilisimama mahali pake. Msichana alikuwa pembeni, mlima mdogo wa ngozi ukiwa mgongoni mwake ambako waumini hawakuweza kuuona. Mwalimu alikaa benchi la tatu. Katika wimbo wa kwanza hakutazama vidole vya mjukuu wala nyuzi. Alitazama kifungo kilichoko kitakoni mwa gitaa. Katika wimbo wa pili alikitazama tena, mara mbili. Wimbo wa tatu ulipoanza alifumba macho, akaimba.