Chambo Chenye Roho



La Jolla ni kitongoji cha pwani katika jiji la San Diego, California, nchini Marekani. Mbele ya fukwe zake, ndani ya maji baridi, umeota msitu wa mwani. Si mwani ule wanaoulima mama zetu wa Kibuyuni, Kwale, wakaufunga kambani. Huu hushika mwamba chini ya bahari, ukainuliwa na vibofu vyake vya hewa hadi juu, na mahali panapoufaa huweza kurefuka sentimita 60 kwa siku moja. Ametakasika Muumba.

Wavuvi huuendea mapema asubuhi kwa kayaki, chombo chembamba cha mtu mmoja kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa pande zote mbili. Kwanza huvua samaki wadogo wa jamaa ya una, wakawaweka hai katika chombo cha maji. Kisha humtunga mmoja ndoana puani, wakamburura taratibu ukingoni mwa mwani. Kando ya msitu ule huwinda samaki wakubwa, akiwamo mmoja wa jamaa ya kolekole mwenye mkia wa manjano. Mdogo hutapatapa, na kutapatapa kwake ndiko kunakomwita mkubwa.

Serikali ya huko imeweka mipaka. Mvuvi aliyetimiza miaka 16 hukata leseni, na sehemu ya bahari hiyo, iitwayo Matlahuayl, ni hifadhi isiyovuliwa kitu. Lakini sheria hizo hazimuulizi mvuvi juu ya maumivu ya chambo. Swali hilo sisi Waislamu tunalo.

Kitoweo cha bahari tumehalalishiwa katika Surat al-Maida, aya ya 96. Hilo halina mjadala. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) amekataza chenye roho kufanywa shabaha, na ameamrisha ihsani hata katika kuchinja. Ibn Qudama, katika al-Mughni, amenakili kuwa Imam Ahmad alichukia kuvua kwa chambo chenye roho, kwa kuwa ni kumuadhibu kiumbe. Ila samaki aliyepatikana ni halali. Basi chungu hakina lawama. Mkono ndio wenye kuulizwa. Na mkono una njia nyingine: kipande cha ngisi, samaki aliyekwisha kufa, au chambo cha kuundwa.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mtoto amfungapo kaa uzi akamburura mchangani, mara nyingi sisi wakubwa hucheka tukapita. Mama ndiye madrasa ya kwanza. Neno lake moja, "Mwachilie, mwanangu, naye anaumia," humfunza mtoto huruma kabla hajajua kushika mshipi. Atakapokua akawa mvuvi, atatafuta riziki yake baharini bila ya kusahau kwamba hata kile kidogo kilichomo mkononi mwake kina Mola wake.

Wabillahi tawfiq.