Beji ya mtoto: Kinachoshikika Soweto, kisichoshikika kwenye simu

Mbeya. Juni hapa ni mwezi wa sweta. Asubuhi katika soko la Soweto, jijini Mbeya, mvuke hutoka midomoni mwa wapagazi wanaoshusha magunia ya viazi, na mikungu ya ndizi kutoka Rungwe hupangwa chini huku bado ina umande. Kina mama wamejifunga vitenge juu ya makoti. Bei inatajwa, inakataliwa, inatajwa upya.

Kaa kidogo karibu na wauza mchele utazame wanunuzi. Mmoja anachota kiganjani, anaumwaga taratibu kutoka mkono hadi mkono, anapuliza vumbi, anaunusa, kisha anatafuna punje mbili. Anauliza umetoka wapi. Akiambiwa Kyela, anaunusa tena, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba mchele wa Kyela una jina, na penye jina hapakosi mwenye mchele wa kwingine anayeuita wa Kyela. Anayenunua viazi naye hatazami vya juu tu. Anaingiza mkono hadi chini ya ndoo, maana vidogo na vilivyooza huwekwa huko.

Hakuna aliyewafundisha darasani. Ni akili ya soko, na mzazi yeyote wa Mbeya anayo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaiacha sokoni pale tunaposhika simu kumnunulia mtoto kitu.

Watoto wanataka beji

Watoto wa mji huu ni wa mpira. Wapo wa Simba, klabu ya mwaka 1936, na wapo wa Yanga, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja. Wapo pia wa Mbeya City, iliyoanzishwa mwaka 2011, wanaoijua njia ya Uwanja wa Sokoine kama wanavyoijua njia ya shule. Jezi ndiyo ya kwanza kuombwa, lakini siku hizi kuna vidogo vingi: beji za pini za kubana kwenye begi, vishikio vya funguo, mikufu yenye nembo. Wanabadilishana, wanahesabiana, wanatambiana.

Mchezo huo si mgeni duniani. Skauti hubadilishana beji wanapokutana kwenye jambori, na kwenye Michezo ya Olimpiki wanamichezo na mashabiki hupeana pini za nchi zao. Thamani yake ni kwamba kila moja imetoka mahali fulani kwa sababu fulani. Beji feki haina hilo. Mtoto akiipeleka shuleni na wenzake wakaigundua, atarudi nyumbani mnyonge.

Kariakoo iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, kwa hiyo mzazi hufungua WhatsApp au Instagram, anaona picha, anatuma pesa na kusubiri mzigo uje kwa basi. Wapo wauzaji waaminifu wanaoishi kwa biashara hiyo. Wapo pia wanaouza picha ya kitu halisi na kutuma kitu kingine.

Si hasara ya pesa tu

Kama mwandishi wa afya, hapa ndipo ninapomwomba mzazi atulie. Jezi feki itachuja rangi na kufumuka mishono. Kitu kidogo cha chuma kisicho na mwenyewe kinaweza kufanya makubwa zaidi.

Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kidani cha bangili. Kipimo kilionyesha kidani hicho kilikuwa karibu chote ni madini ya risasi. Kilikuwa zawadi iliyotolewa pamoja na viatu vya kampuni ya Reebok, na kampuni hiyo ikalazimika kurudisha bangili zipatazo 300,000 kutoka kwa wateja.

Bangili ile haikuwa feki. Ilikuwa na jina la kampuni, ndiyo maana palikuwa na wa kuulizwa na wa kuzikusanya. Jiulize, beji isiyo na mtengenezaji ikiwa na sumu, nani ataitwa? Nani ataikusanya?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na huweza kuleta upungufu wa damu. Mtoto mdogo hunyonya anachoshika, na huo ndio mlango. Huwezi kuitambua kwa macho, kwa kuwa rangi nzuri na mng'ao huificha. Madini mengine, nikeli, hayaui, ila huwasababishia baadhi ya watoto muwasho na vipele pale yanapogusa ngozi. Pini yenye kingo kali au kishikio kinachochomoka ni hatari ya peke yake.

Mtoto akimeza kitu cha chuma, usimtapishe. Mpeleke hospitali haraka, na kama mna kingine cha aina hiyo hiyo nendeni nacho ili daktari akione.

Nenda na Soweto yako mtandaoni

Kila anachofanya mnunuzi wa Soweto kwa mkono, unaweza kumwomba muuzaji akufanyie kwa picha.

Geuza. Sokoni unatazama chini ya ndoo; mtandaoni omba picha ya nyuma ya beji. Mwambie, "Kaka, naomba picha ya nyuma, na uweke pembeni karatasi yenye tarehe ya leo." Mwenye mzigo mkononi atapiga dakika hiyo hiyo. Aliyeokota picha ya mtu ataanza maneno mengi.

Nusa. Kuza picha uitazame pole pole. Beji nzuri rangi yake imejaa hadi ukingoni, herufi zimenyooka na nembo inafanana na ile iliyo kwenye ukurasa wa klabu yenyewe. Ya feki huwa na mabonde kwenye rangi, kingo zinazokwaruza, herufi iliyokosewa au nyekundu iliyoelekea chungwa.

Uliza imetoka wapi. Klabu kubwa hutangaza zinakouzwa bidhaa zao rasmi, basi anzia huko. Anayeuza beji mia kwa pamoja kwa bei ya kutupa, na zote anasema ni adimu, amejijibu mwenyewe. Kitu adimu hakipimwi kwa kilo.

Mjue aliyekaa kibandani. Sokoni unajua pa kurudi. Mtandaoni uliza duka liko mtaa gani, kisha umwombe ndugu au rafiki aliye karibu alipitie. Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na lisipofanana na la duka, simama. Bora zaidi ni kulipa mzigo ukiwa umefika na umeuona. Hifadhi mazungumzo na udai risiti.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, jibu ni fupi: asipewe beji, hata iwe halisi.

Pa kulalamikia

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu inayomlinda anayenunua mtandaoni. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ubora na usalama ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ukitapeliwa, ujulishe mtandao wako wa simu mara moja kabla pesa haijatolewa, peleka namba ya tapeli kwenye 15040, kisha nenda polisi ukiwa na ujumbe wote. Wengi hunyamaza kwa sababu ni shilingi elfu kumi tu. Muuzaji wa feki anaishi kwa elfu kumi za watu walionyamaza.

Jumamosi ukienda sokoni, mchukue mtoto. Mwache achote mchele, aingize mkono chini ya ndoo ya viazi, amwamkie mama muuzaji na kumuuliza vimetoka wapi. Mkirudi nyumbani mpe simu muitazame pamoja hiyo beji anayoililia, naye aulize maswali yale yale. Miaka michache ijayo atakuwa ananunua mwenyewe, na hamtakuwa pamoja.