Kutoka Isiolo na Tarumbeta

Basi la alfajiri kutoka Isiolo kwenda Nairobi hupakia maziwa kwanza, watu baadaye. Mitungi ya manjano ya maziwa ya ngamia hupangwa tumboni mwa gari huku akina mama wenye mali wakihesabu kwa sauti, na mpaka kondakta aridhike kwamba hakuna unaovuja, abiria tunangoja nje na usingizi wetu. Maziwa hayo yanakwenda Eastleigh, ambako wateja huyasubiri kila siku. Safari hii palikuwa na mzigo ambao kondakta hakujua autie wapi: kasha jeusi la tarumbeta. Mwenyewe, mpwa wangu, alikataa katakata lisikae karibu na maziwa. Akalipakata hadi Nairobi.

Kijana huyu amezaliwa na kulelewa mjini Isiolo, na tarumbeta aliipata kwa njia ya Isiolo. Mji una chuo cha jeshi cha askari wa miguu, na wastaafu wa jeshi wametapakaa mitaani. Mmoja wao, aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi, alimfundisha kushika chombo, kupumua kwa tumbo na kusoma noti. Alimfundisha vizuri. Ambalo hakumfundisha ni kupiga kitu kisichoandikwa, maana kwenye gwaride anayebuni huitwa ofisini. Likizo ya Agosti ilipofika, mpwa akaomba apelekwe Nairobi kwa watu wanaofundisha jazi. Nikamsindikiza kwa sababu dada yangu aliagiza, na kwa sababu nilikuwa na swali langu mwenyewe. Mwalimu anafundishaje mtu kubuni? Ukimwambia la kufanya, hajabuni. Usipomwambia, umelipwa kwa kazi gani?

Ukitoka Isiolo gari huanza kupanda papo hapo. Vumbi na joto vinabaki nyuma. Kwenye njia panda ya Subuiga wanaokwenda Meru wanakata kushoto, sisi tukaelekea Timau, kwenye ngano na mabanda ya maua, Mlima Kenya ukiwa umejifunika kama kawaida yake. Mpwa hakuangalia nje. Alikuwa na spika za sikioni, akirudia kipande kilekile cha mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie.

Jina hilo lina uhusiano mkubwa zaidi na kozi za likizo kuliko alivyojua. Mwaka 1957, katika mji mdogo wa Lenox, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ilifunguliwa shule ya jazi iliyodumu wiki tatu tu kila Agosti. Mkuu wake alikuwa John Lewis, mpiga piano wa Modern Jazz Quartet, na miongoni mwa walimu walikuwemo Gillespie, Max Roach na Oscar Peterson. Shule ilifungwa baada ya 1960. Kabla yake jazi ilikuwa imejifunzwa zaidi kwenye vilabu, usiku, kwa kusimama karibu na mkubwa wako na kuaibika mbele ya watu. Lenox walijaribu kuihamishia mchana, kwenye viti na ubao. Mwaka 1959 alikuja mwanafunzi mmoja aliyekwisha kutoa santuri, akipiga saksafoni ya plastiki: Ornette Coleman, pamoja na Don Cherry. Alichopiga hakikufuata mpangilio ambao walimu waliufundisha. John Lewis alikuwa mmoja wa waliomtetea. Hilo peke yake linatosha kuipa shule ile heshima.

Na kuna uzi unaorudi kwetu. Palepale Lenox, kabla ya shule kuanza, mpiga piano Randy Weston alikuwa akifanya kazi za hoteli kiangazi na kuhudhuria mihadhara juu ya chimbuko la jazi barani Afrika. Novemba 1960 alirekodi *Uhuru Afrika*, kwa maneno ya Langston Hughes, na anayesikika akighani Kiswahili mwanzoni ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Nchi yake ilikuwa bado mwaka mmoja na ushee kupata uhuru. Msimu huohuo Louis Armstrong alikuwa akizunguka Afrika kwa ziara iliyomfikisha Léopoldville na Nairobi. Gillespie naye alikuja Nairobi Desemba 1973, Kenya ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, akapiga wimbo aliomtungia Jomo Kenyatta. Serikali ya Marekani ilikuwa na sababu zake za kuwatuma, za kisiasa tupu. Vijana wetu waliokwenda kusikiliza walikuwa na zao.

Nilimweleza mpwa haya Nanyuki, kwenye chai. Akauliza, "Mjomba, na waliobaki hapa kufundisha ni nani?"

Swali halali. Wageni hupiga, hupigiwa makofi, huondoka. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, lakini kwa miongo mingi mafunzo ya muziki mjini yalielekea mitihani ya madaraja kutoka Uingereza: unasoma kurasa, unapigia mtahini, unapata cheti. Nidhamu nzuri hiyo, ila si kubuni. Waliobuni walikuwa kwenye bendi. Mtu aliyetaka kujua gita linavyoongea peke yake alikwenda dansini akasimama mbele ya jukwaa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz hakuhitaji darasa kueleza maana ya solo, na OK Jazz ya Franco, iliyoanza Léopoldville mwaka 1956, iliwafundisha wapiga gita wa Afrika Mashariki yote sebene ni nini: waimbaji wananyamaza, gita linashika mzunguko mfupi, linaurudia, linaupinda kidogo, halafu kidogo tena, hadi wachezaji wakubali kutokwa jasho.

Mabadiliko makubwa ya siku hizi yako Korogocho, humohumo Nairobi. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge, aliyesomea famasia kabla ya kurudi kwenye muziki, alianzisha Ghetto Classics katika kiwanja cha kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, jirani na jalala la Dandora. Moshi wa taka huwafikia watoto wakipiga fidla. Utaratibu wao mmoja ninaupenda kuliko yote: aliyetangulia hufundisha anayefuata, kwa hiyo mwalimu wa mtoto mara nyingi ni jirani yake wa miaka michache mbele. Kuanzia 2014, tamasha la jazi la Safaricom lilianza kuelekeza mapato yake huko, na wanamuziki wa kigeni walioalikwa jukwaani wakawa wanapitishwa Korogocho kufundisha. Ndivyo jazi ilivyoingia katika mpango uliokuwa umeanzia kwenye muziki wa okestra wa Ulaya. Faida ikaenda pande mbili, nadhani. Nyota aliyezoea ukumbi wenye viyoyozi hukutana na mtoto anayejua kusoma noti ngumu lakini anaganda akiambiwa, "Haya, sasa piga lako."

Mpwa wangu aliganda vilevile. Mwalimu wake wa likizo alikuwa mpiga saksafoni anayefanya kazi ya hotelini wikendi na kufundisha sebuleni kwake siku nyingine, viti vikiwa vimesukumwa ukutani. Wanafunzi walikuwa wachache: mpiga besi wa kanisani, msichana wa kinanda, mpiga ngoma aliyekuja na vijiti tu, na tarumbeta kutoka Isiolo. Hakuna kitabu kilichofunguliwa asubuhi ya kwanza. Mwalimu aliwapa sauti tatu. Tatu tu, si moja zaidi, na kila mmoja azipige kwa zamu juu ya besi isiyobadilika. Ukiongeza ya nne, unakaa chini.

Nilikuwa kwenye kochi na gazeti, na nikaacha kulisoma. Kwa sauti tatu huwezi kuonyesha ufundi wa vidole. Yanayobaki mkononi mwako ni machache: upige lini, ukae kimya kwa muda gani, kwa nguvu kiasi gani, na aliyetangulia alisema nini. Mpwa alianza kwa kuzimwaga zote haraka. Mwalimu akamwambia, "Kijana, mwenzako ameuliza swali. Mjibu." Baadaye likaja zoezi la kuimba kwa mdomo kabla ya kupiga, kwa kuwa vidole vina mazoea yao na husema vilivyozoea hata kama kichwa hakina neno. Kisha kubadilishana: mapigo kumi na sita yako, kumi na sita ya mwenzako, bila mwanya. Nyumbani walipewa kazi ya kunakili solo moja kwa sikio, noti kwa noti, hadi pumzi za mpigaji. Nilimuuliza mwalimu kwa nini kunakili, ikiwa lengo ni kubuni. "Mzee wangu," akanijibu, "wewe ulijifunza kusema kwa kusema yako?"

Mbinu hizi si za Nairobi peke yake. Jamey Aebersold wa Indiana alianza kuuza santuri za kupigia mazoezi mwaka 1967: ngoma, besi na piano zipo, mpigaji ni wewe, chumbani kwako. Barry Harris, mpiga piano wa Detroit, aliendesha madarasa yake New York kwa miongo hadi kifo chake Desemba 2021, akiwaimbia wanafunzi misemo na kuwataka wairudishe papo hapo. Wote walifika palepale: msingi usiobadilika chini, uhuru kidogo juu, na mwenzako wa kumjibu.

Karibu zaidi na sisi, Unguja wanafanya hivyo kwa vyombo vingine. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilianzishwa 2002, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa jumba la Forodha ya zamani, Mizingani, Mji Mkongwe. Mwanafunzi wa kanuni au udi hufundishwa taksimu, yaani kubuni akiwa peke yake: huanza chini, kwenye sauti ya nyumbani ya maqam, hupanda akiichunguza ngazi baada ya ngazi, hukawia pale panapomnogea, kisha sharti arudi. Hakuna mapigo ya kumbana, lakini ana njia, na wasikilizaji waliozoea taarab wanajua akipotea. Haikuwa ajabu kwamba kutoka chuoni humo lilizaliwa kundi linalojiita Tarajazz.

Kozi ilipokwisha tulirudi kaskazini. Dereva wa usiku alikuwa Msomali wa Isiolo mwenye kanda za zamani za qaraami, nyimbo za mapenzi za udi, na tulipopita Sagana akaanza kutusimulia habari za Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali. Qarshe alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akakulia Aden. Mpwa alitoa tarumbeta bila kuweka mdomo, akafuata udi kwa vidole tu. Mama mmoja wa mitungi, iliyokuwa tupu sasa, alimwambia apige kabisa au alale.

Sikutaka tuishie mjini. Ipo barabara ya lami inayotoka Isiolo hadi Moyale, na ukivuka Archer's Post na mto Ewaso Ng'iro, ukaendelea hadi Sereolipi chini ya milima ya Mathews, unafika kwa Wasamburu wanaochota maji kwa nyimbo. Ketebul Music ya Tabu Osusa kule Nairobi, pamoja na Abubilla Music ya London, waliuita mradi wao wa kurekodi muziki wa asili Singing Wells kwa sababu ya visima hivi. Huchimbwa kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Kiangazi kikikaza, maji hushuka na kisima hushuka nayo, mpaka wanaume husimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo hadi kwenye hori la ng'ombe. Kila familia ina kisima chake na wimbo wake, na ng'ombe huujua wa kwao. Huja wakiusikia, wa jirani hungoja. Kupiga picha ni mwiko, maana waliomo ndani huvua nguo. Na Agosti ni kiangazi, yaani likizo ya shule huangukia msimu ambao visima vinaimba.

Tuliomba ruhusa kupitia mwenyeji wetu, tukakaa mbali kidogo kwenye kivuli. Kiongozi wa wimbo alikuwa chini kabisa, hatukumwona. Kiitikio kilikuwa kilekile kila mara, kizito, cha kooni, na ndoo ilipita mkononi kwa kila pigo. Maneno ya kiongozi yalibadilika: fahali fulani, rangi ya ndama, mtu aliyechelewa kuja. Mpwa alianza kuhesabu mapigo kwa kidole gotini.

Mzee aliyesimamia hori aliuliza kasha lile lina nini. Akaonyeshwa. Akasema kitu hicho kisilie hapa, ng'ombe watatawanyika, ila mwenye nacho kama anataka wimbo, wimbo uko ndani ya shimo, na shimoni hakuna mtazamaji. Mpwa akaniangalia. Nikamwambia sina la kusema, mimi nimekuja kama mjomba.

Alishuka hadi ngazi ya pili kutoka juu, suruali ikiwa imekunjwa, viatu vya michezo miguuni. Ndoo mbili za kwanza zilimmwagikia. Ya tatu ilipita. Ilipofika ya kumi hivi, sauti ya chini kabisa ikaingiza mstari mpya, na shimo zima likacheka huku likiendelea kuitikia, ndoo haikuchelewa hata pigo moja. Mwenyeji wetu alikataa kutufasiria neno kwa neno. Ilikuwa ni habari ya viatu, akasema, na kesho kijana akija avivue.