Unguja: Duka la Kuingia na Santuri ya Kusikiliza

Wengi wetu tulio bara twaijua Unguja kwa karafuu zake na kwa masimulizi ya waliokwenda. Siku hizi safari yenyewe si ngumu. Boti ya kasi hutoka Dar es Salaam na kufika huko kwa muda wa saa mbili hivi. Wako wanaokwenda kutembea tu, na wako wanaokwenda kutafuta kazi, na kati ya hao wamo wasichana na vijana wa vijiji vyetu. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wao waliobaki nyumbani, nataka kusifu vitu viwili: duka moja dogo na santuri moja. Utaniuliza, duka na santuri vina udugu gani? Vumilia kidogo, utauona.

Tuanzie bandarini. Ukishuka botini utaingia Mji Mkongwe, ambao vichochoro vyake ni vyembamba na vina kona nyingi, hata mgeni hupotea mara tatu kabla ya saa sita. Ukipotea usiogope. Uliza Minara Miwili, ndilo jina wenyeji wote, Waislamu na Wakristo, wanalolipa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890. Hakuna mtoto asiyeijua njia ya kufika hapo. Kisha uliza Darajani, penye soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Zamani mkono wa bahari uliingia hapo na kuutenga mji wa mawe na mitaa ya upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Maji yamekwisha kufukiwa na barabara kubwa imepita juu yake, lakini majina yamebaki: huku Darajani, kule Ng'ambo.

Soko ulitazame, maana linapendeza. Utaona pweza na changu, mafungu ya ndizi, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Lakini bei ya hapo imezoea wageni. Mimi nakushauri uvuke barabara uende Ng'ambo, uyapite yale majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, uingie mitaa iliyo nyuma yake. Huko ndiko liliko duka langu.

Si duka la kustaajabisha. Lina mlango mmoja, meza moja ya mbao, mizani, na mzee mwenye kofia ya kiua aliyekaa nyuma yake. Kabla ya kutaja unachotaka, msalimie. Pale Unguja mtu anayeanza kwa kusema "nipe" huonekana hakufundishwa kwao. Ukisema "Shikamoo, mzee," naye akijibu "Marahaba, mwanangu," biashara imekwisha kuwa nyepesi. Yafaa pia ujue maneno. Nyanya huitwa tungule, viazi ulaya ni mbatata, kitunguu saumu ni thomu, na mkate wa kuoka ni boflo. Na ukifika mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa njiani mchana. Nunua chako ukale nyumbani. Hiyo ni adabu ya mgeni, nayo haigharimu kitu.

Nalisifu duka hili kwa mambo matatu. La kwanza, mizani yake ni ya haki. Mzee huinua mkono wake juu wakati wa kupima, ili uone kwamba hakubonyeza. La pili, hawadharau wenye fedha kidogo. Sukari robo kilo atakupimia, mafuta ya kupikia kikombe kimoja atakupimia, na atakufungia vizuri kama aliyenunua gunia. La tatu ni daftari. Ndani yake yameandikwa madeni ya mtaa mzima, na kila mwisho wa mwezi watu huja kulipa. Nilimwuliza, "Mzee, huogopi kudhulumiwa?" Akacheka, akasema, "Wapo wanaonidhulumu. Lakini daftari hili si la fedha peke yake. Linanionyesha nani yupo na nani hayupo."

Kisha akanisimulia habari hii. Msichana mmoja kutoka bara alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya jirani. Kila asubuhi alikuja kununua boflo mbili na maziwa, na mzee akaandika. Ikapita siku moja hakuja, ikapita ya pili. Siku ya tatu mzee alimtuma mkewe akapige hodi. Bibi yule akamkuta msichana amelala chini kwa homa kali, wenye nyumba wamesafiri, na hana hata nauli ya kwenda hospitali. Wakampeleka, akapona. Baadaye jirani wakazungumza na waliomwajiri, na mshahara wake wa miezi miwili uliokuwa umecheleweshwa ukalipwa. "Mimi sikujua hata jina la kijiji chao," alisema mzee. "Nilijua tu kwamba mikate yangu miwili imebaki."

Sasa tuje kwenye santuri. Mwaka 2020 ilitoka santuri iitwayo Siti of Unguja, na mwimbaji wake ni Bibi Siti Muharam. Huyu ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akafinyanga vyungu na kuvichuuza mjini kwa miguu, kabla sauti yake haijajulikana. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay akaimba katika mitambo ya santuri, na nyimbo za Kiswahili zikaanza kusikika katika gramafoni za pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Basi kitukuu wake ameimba tena nyimbo za nyumba yao, pamoja na mafundi wa Unguja akina Matona, na ala za zamani zimepatanishwa na mitambo ya leo. Sauti yake haina haraka. Ukiwa na simu yenye mtandao utaisikia bila kununua gramafoni. Isikilize jioni kazi zikiisha, wazee wakiwapo, maana wao watakueleza maneno yaliyofichika.

Ukishaipenda, tafuta na wimbo wa Siti binti Saad uitwao Kijiti, ambao marehemu Bi Kidude naye aliuimba. Wimbo huo unasimulia jambo lililotokea kweli. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam akaenda Unguja kutembea, akachukuliwa matembezini, akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji alivuka bahari akatoroka, na lawama zikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Siti hakuwa hakimu wala askari, lakini alikataa jambo hilo lifunikwe, akalitaja jina la mwuaji katika wimbo. Leo, karibu miaka mia baadaye, jina hilo bado lajulikana.

Hapo ndipo duka na santuri vinapokutana. Mgeni yule wa Dar es Salaam alifika mji asiokuwa na mtu wa kumtafuta mapema. Msichana wa boflo mbili alikuwa naye mtu wa namna hiyo, ingawa hakujua.

Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akikuaga kwenda Unguja, au mji wowote mwingine, usimpe nauli peke yake. Mwambie hivi: "Siku ya kwanza tafuta duka la mtaa unaokaa. Salimia. Taja jina lako na kwenu ulikotoka. Nunua hapo kila siku, hata kama ni kibiriti tu, na deni lako ulilipe siku uliyoahidi." Kisha umwombe akutumie namba ya simu ya mwenye duka, uiandike mahali pasipopotea. Nawe mpigie mzee huyo walau mara moja, umsalimie, umwambie kwamba yule ni mtoto wako.

Na wewe usiyesafiri, je, hapo kijijini hakuna mgeni aliyekuja kulima kibarua au kufundisha shule, ambaye hajaonekana tangu juzi? Nenda ukapige hodi.