Watu Hamsini Wasio na Majina

Kijana wa siku hizi akishika simu huambiwa maneno mawili: la kwanza "unapoteza muda", la pili "unaua macho". Sina nia ya kuyajibu hapa. Wanaoyasema wengi wao hawajawahi kuiona hiyo gemu zaidi ya kusikia milio yake, na mtu hawezi kukihukumu kitabu kwa kusikia kurasa zikifunuliwa. Mimi nataka niizungumzie kama ambavyo sisi watunzi chipukizi tungezungumzia riwaya ya mwenzetu: ina nini, imekosa nini, na kwa nini inatuudhi hali bado tunairudia.

Gemu yenyewe ni Free Fire. Ilitoka mwaka 2017, imeundwa na studio moja ya Vietnam. Mnarushwa watu hamsini kutoka kwenye ndege, kila mtu na mwavuli wake, mnaangukia kisiwani mikono mitupu. Hapo ni kukimbilia nyumba zisizo na wenyewe, kuokota bunduki, risasi, vesti na kofia ya chuma kabla mwenzio hajakuwahi. Wakati huohuo eneo salama linajibana kidogo kidogo, na anayebaki nje yake uhai unampungua kama chaji ya simu. Baada ya dakika kumi hivi anabaki mtu mmoja, au kikosi kimoja cha watu wanne, na kwenye kioo linatokea neno Booyah! Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Huku kwetu Idodi, kwenye barabara itokayo Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha, imependwa kwa sababu isiyo na ushairi wowote: inaingia kwenye simu ndogo. PUBG Mobile, iliyokuja mwaka 2018, inaweka watu mia uwanjani na picha zake ni nzuri kweli, lakini simu ya kawaida ikiibeba inapata moto utadhani unataka kuchomea mhindi juu yake. Free Fire ilikuja na mzigo mwepesi, mechi fupi, na bando dogo linatosha. Kijana aliyetoka kwenye majaruba ya mpunga saa kumi na mbili jioni anacheza mechi mbili, anakula, anacheza ya tatu, analala.

Lakini wepesi peke yake hauwezi kumfanya mtu akeshe. Kinachomkesha mtu ni ukimya. Wasioijua hudhani gemu ya bunduki ni kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. La hasha! Sehemu kubwa ya mechi ni kusikiliza. Umejibanza nyuma ya mlango, umevaa hedifoni, unasikia nyayo ghorofani na hujui kama ni za mtu mmoja au wawili, na hujui kama naye amekusikia. Hapa kwetu kuna vijana waliowahi kulinda mashamba usiku dhidi ya tembo. Tupo ndani ya eneo la Idodi na Pawaga ambalo jumuiya yake ya wanyamapori huitwa MBOMIPA, na tembo hasomi ramani ya mpaka. Vijana hao ni hatari kisiwani. Wanajua kukaa kimya nusu saa, wanajua kwamba tawi likivunjika mara moja ni upepo, likivunjika mara mbili ni kitu chenye miguu. Mmoja wao hajui kabisa kulenga shabaha, lakini kila mechi anafika kumi bora. Sisi wenye mbio tunakuwa tumeshakufa zamani, tunamtazama.

Halafu kuna lile duara linalojibana. Jamani, aliyelibuni ana akili! Tuliokulia kwenye vitabu vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, tukivipokezana mpaka majalada yanang'oka, tunajua kazi ngumu ya mtunzi ni kuwakutanisha watu wasiotaka kukutana. Mtunzi asiye na uzoefu huleta bahati: ghafla wakagongana kituo cha basi. Gemu haitegemei bahati. Inapunguza nchi. Kila baada ya muda ardhi ya kukimbilia inakuwa ndogo, mpaka yule mwoga na yule katili wanajikuta nyuma ya jiwe moja. Nimejaribu kulitumia jambo hilo katika riwaya yangu, mvua badala ya duara, na nadhani ndiyo sura pekee ambayo msichana mmoja anayenisomea rasimu hakuilalamikia.

Sasa nifike kwenye yanayochoma roho.

La kwanza ni pingi. Ukiwa unacheza, pembeni mwa kioo kuna namba inayoonyesha muda unaotumiwa na ujumbe wa simu yako kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde. Ikiwa ya kijani unajiona komando. Ikigeuka nyekundu wewe ni maiti inayotembea. Watu husema "mtandao mbovu" na kuishia hapo, lakini jambo lenyewe ni la fizikia. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 8,000, kwenda na kurudi ni 16,000, yaani milisekunde 80 zimeshaliwa kabla mnara wetu haujakohoa, kabla foleni ya wote waliojiunga na bando la usiku haijaanza kusukumana. Ongeza hayo, unafika 200 au 300. Na binadamu mwenyewe, akishaona kitu, anahitaji kama milisekunde 200 mpaka kidole kitembee. Kwa hiyo yule adui unayemwona amesimama dirishani hayupo dirishani. Ni habari za jana. Yeye ameshatoka, ameshazunguka, ameshakupiga, na wewe bado unalenga dirisha tupu kwa umakini mkubwa. Mwanzoni hudhani adui anatumia dawa. Kumbe anaishi jirani na seva, basi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku hizo ndipo wengi wa kijiweni walipojua kwamba maneno yetu hupita baharini. Kijana mmoja aliuliza kwa dhati kama samaki ndio waliokata.

La pili ni hela, na hapa nitapita haraka kwa sababu linanikera mno. Gemu ni ya bure, lakini kuna almasi zinazonunuliwa kwa pesa halisi, na kwa almasi unapata mavazi ya bunduki. Yangekuwa mapambo tu nisingesema kitu. Mtu avae hata kanzu ya dhahabu. Lakini baadhi ya mavazi hayo yanaongeza nguvu ya risasi au kasi ya kupiga. Yaani mwenye vocha na asiye na vocha wanarushwa kutoka ndege moja, wanaambiwa wako sawa, kisha mmoja bunduki yake inauma zaidi. Ukiniuliza, hilo ndilo jambo pekee katika kisiwa kile linalofanana kabisa na maisha.

La tatu ndilo limenifanya nishike kalamu. Wengi hawajui kwamba chimbuko la aina hii ya gemu ni kitabu. Mwaka 1999 mtunzi Mjapani Koushun Takami alitoa riwaya iitwayo Battle Royale: wanafunzi wa darasa moja wanapelekwa kisiwani na serikali katili, wanapewa silaha, wanalazimishwa kuuana mpaka abaki mmoja. Mwaka 2000 ikawa filamu. Miaka ikapita, Brendan Greene wa Ireland, aliyevutiwa na filamu ile, akatengeneza gemu za namna hiyo, na PUBG yake ilipotoka mwaka 2017 dunia nzima ikageuka kisiwa. Angalieni basi kilichopotea njiani. Katika hadithi ile wanaouana ni watoto waliokaa dawati moja. Wana majina, wana waliopendana kwa siri, wana waliogombana. Uchungu wote uko hapo. Gemu ilichukua kisiwa, ikachukua bunduki, ikachukua eneo la hatari, ikayaacha majina. Tumebaki watu hamsini, kila mmoja na herufi za ajabu kichwani, na akifa anageuka sanduku la vitu vyake. Unalipekua, unachukua risasi, unaondoka. Mkiwa wa ngazi za chini, baadhi ya hao hamsini hata si watu. Ni mashine zimewekwa zikuangukie ili usikate tamaa.

Nilimwonyesha simu mzee mmoja wa hapa aliyepigana vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Nikamwamkia, "Kamwene," nikamwekea mechi, akatazama bila kusema mpaka ikaisha. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyu maji anakunywa wapi?" Nikamwambia hanywi. "Na mzigo wote huo hachoki?" Hachoki, babu. Akacheka kidogo. Akasema wao walitembea siku nyingi sana kwa kila siku moja ya kupiga risasi, na anachokikumbuka ni viatu. Akanirudishia simu yangu akaenda kuangalia ng'ombe wake. Ameninyima mambo mengi mzee yule, lakini nimeshajua nikirudi niulize kuhusu viatu.

Hata hivyo, na hapa ndipo ninapokwama, gemu hiyo isiyo na majina ndiyo iliyonitunzia majina matatu. Tulimaliza kidato cha nne pamoja tukiwa wanne, tukatawanyika: mmoja Dar es Salaam anauza vifaa vya simu, mmoja Makambako kwenye gereji, mmoja Mafinga kwenye kiwanda cha mbao. Kupigiana simu kwa wanaume wa umri wetu ni kazi. Unapiga useme nini? "Niambie." "Poa." "Kazi?" "Tunasukuma." Mmemaliza. Lakini mkiwa kikosi cha wanne, maiki zimewashwa, mna jambo la kufanya kwa mikono, maneno yanatoka yenyewe. Nadhani ndivyo wanawake wanavyozungumza wakichambua mchele.

Usiku mmoja tulikuwa kwenye kisiwa cha Bermuda, upande wa mnara wa saa, tumejificha wote wanne nyumba moja. Tulikuwa tumebaki watu kumi na kitu. Yule wa Mafinga, ambaye ndiye jemadari wetu, akasema kwa sauti ileile ya kusema "adui kulia" kwamba hajalipwa miezi mitatu, kwamba mkewe amerudi kwao na mtoto, na kwamba jioni ile alikuwa amekaa muda mrefu akiitazama ile mashine ya kupasulia mbao. Hakuna aliyejibu. Tulisimama tu, vijitu vyetu vinne vinatazamana ndani ya nyumba ya watu. Duara likatufikia. Uhai ukaanza kupungua, hakuna aliyekimbia, yule wa Dar akawa anamuuliza kwa upole, kaka, sasa hivi uko wapi, uko chumbani? Uko na nani? Tukafa wote wanne kwa duara, jambo la aibu kwa wachezaji wa ngazi yetu, na tukaendelea kuongea kwenye ukumbi wa kusubiria mpaka bando la usiku likamwishia wa Makambako saa kumi na moja alfajiri.

Sijui mtu angesema maneno hayo wapi kwingine. Barua hatuandikiani. Kanisani angeombewa mbele ya watu na habari zingefika kwa mama mkwe kabla ya ibada ya pili. Na mimi mwenye kutaka kuwa mtunzi, nilikaa na mkuki wangu wa maneno, nikashindwa kupata hata neno moja lililofaa. Aliyeokoa usiku ule ni muuza chaja wa Kariakoo.

Wiki chache baadaye simu yake ikafa. Amepata nyingine ya kuazima, kumbukumbu yake ndogo mno, gemu haikai. Jumapili iliyopita alituma ujumbe: wamelipwa nusu, mtoto amemwona, anasalimia kikosi. Tukampigia simu ya kawaida, mmoja mmoja. "Niambie." "Poa." "Kazi?" "Tunasukuma." Tumechanga elfu thelathini na tano mpaka sasa kwa ajili ya simu ya mtumba yenye nafasi ya kutosha, yule wa Dar anasema anaijua moja, kioo kimepasuka kona ila maiki yake ni nzima.