Baraka na Fizi: Sanduku la Makufuli Matatu

Wengi wenu mmepata kusikia jina la Fizi-Baraka, na yamkini mlilisikia katika habari za vita. Leo twataka kuwachukua huko kwa safari ya namna nyingine: tuwatazame watu wa mitaa, jinsi wanavyochanga fedha zao, wanavyofagia njia zao na wanavyozika maiti wao, katika mji ambao katika miaka sitini iliyopita umehamwa na kurudiwa mara nyingi kupita kiasi.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Baraka iko upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Mbele yake maji yametulia, kwa kuwa rasi ndefu ya Ubwari huukinga mji na mawimbi ya ziwa kuu. Ghuba hiyo Wazungu waliipa jina la Burton, yule msafiri Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke. Fizi yenyewe haiko ufuoni. Iko juu milimani, kilomita 35 hivi kutoka Baraka, mahali penye baridi na ukungu wa asubuhi, nayo ndiyo makao makuu ya wilaya. Ofisi za wakuu ziko Fizi, soko na mitumbwi iko Baraka. Ndiyo sababu watu wamezoea kuyatamka majina hayo mawili kama neno moja. Wenyeji walio wengi ni Wabembe, nao wanakaa pamoja na Wabuyu, Wabwari, Wafuliru, Wanyamulenge na wengineo. Mwaka 2013 serikali iliamuru Baraka ihesabiwe kuwa mji kamili, ingawa barabara zake zingali za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika.

Atokaye Uvira hushika Njia ya Taifa namba 5, ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, mwendo wa kilomita 90 hivi. Mtu asidhani kwamba kilomita 90 ni safari fupi. Mito ishukayo milimani hukata njia wakati wa mvua, na abiria hushuka garini wakangoja maji yapungue. Tulipita Makobola, ambako raia wengi waliuawa siku za mwisho wa mwaka 1998, nasi tukanyamaza kidogo. Kisha Nundu, kisha Mboko, kila mahali michikichi, mihogo, na ndagala wameanikwa juani waking'aa kama fedha.

Sasa tueleze kwa nini mji huu ni mji wa watu wa kurudi. Vita vilipoingia mwaka 1996, watu wa Baraka walipanda mitumbwi na maboti wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Wengi walipokewa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo, na wengine katika kambi ya Lugufu. Baadhi walikaa huko miaka tisa, wengine zaidi, na hata leo wako Wakongo wasiorudi. Mwezi wa Oktoba 2005 ndipo wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma, wakashukia Baraka. Walirudi na mabati, masufuria na watoto wasiopata kuiona nchi ya baba zao. Walirudi pia na jambo ambalo halikuandikwa katika orodha ya mizigo, yaani desturi ya kujitawala kidogo kidogo. Kule kambini kila kanda na kila kijiji kilikuwa na viongozi wake waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe. Mtu aliyekwisha kuzoea kusimama mbele ya watu mia na kusema hesabu za unga si rahisi kumnyamazisha akirudi kwao.

Lakini walikuta viwanja vyao vina watu. Wale waliobaki, au waliokimbilia mjini kutoka milimani, walikuwa wamejenga humo, na wengine walikuwa wamenunua kwa fedha halali kutoka kwa mtu asiye na haki ya kuuza. Nani alikuwa na haki? Mahakama ilikuwa mbali, na gharama zake zilizidi bei ya kiwanja. Basi kesi nyingi ziliamuliwa kwa njia ya zamani. Wabembe wana baraza lao, waliitalo lubunga, ambamo wazee huketi na kusikiliza mpaka neno limalizike. Wazee waliulizwa ni nani aliyeupanda mwembe ule, ni nani aliyezikwa nyuma ya nyumba ile. Mara nyingine kiwanja kiligawanywa mara mbili. Mara nyingine aliyejenga alilipwa mabati yake akaondoka. Hatusemi kwamba wote waliridhika. Twasema tu kwamba palipokuwa na wazee wenye kusikilizwa, mapanga yalibaki shambani.

Hapo twafika katika jambo tulilotaka hasa kuwaonyesha, yaani sanduku la akina mama. Katika Kongo watu wanajua tangu zamani likilimba, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita upatu: watu kumi huchanga kila juma, na kila juma mmoja huzoa zote. Ni jambo jema, lakini aliye wa kumi hungoja sana, na mtoto wake hatangoja kuugua. Siku hizi mitaani pana namna nyingine, ambayo wenyeji huiita aveki. Mpango huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini wasiojua kusoma, ukaenea Afrika nzima. Baraka umeota mizizi kama muhogo.

Sanduku ni la chuma, nalo lina makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, na mwenye kulitunza sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Haliwezi kufunguliwa ila katika mkutano, mbele ya macho ya wote. Tuseme wako akina mama ishirini, na hisa moja ni faranga 1,000. Kila mmoja ana ruhusa ya kununua hisa moja hata tano kwa juma, na kila hisa hupigwa muhuri katika kitabu chake, hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake. Kila mmoja akinunua hisa mbili, sanduku hupata faranga 40,000 kwa juma, na kwa majuma arobaini ni faranga 1,600,000, kabla ya kuhesabu faida. Faida hutoka kwenye mikopo. Aliyekopa faranga 50,000 kununua ndagala wabichi, kwa riba ya sehemu moja kwa kumi, hurudisha 55,000 baada ya mwezi. Ziko pia bakuli mbili nyingine: moja ya faini, kwa aliyechelewa au aliyepiga kelele, na moja ya maafa, yaani ugonjwa na kilio. Mwisho wa mzunguko kila mtu hupewa hisa zake na faida yake. Vyama vingi hupenda kugawa kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba. Ni kweli kwamba shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure tangu Septemba 2019, lakini sare, madaftari na karo za sekondari havikutangazwa bure na mtu yeyote.

Mtasema, Je, katika nchi ya bunduki, sanduku la fedha si mwaliko kwa wezi? Nasi tuliuliza hivyo. Tulijibiwa kwa kicheko. Fedha haikai ndani. Hukopeshwa karibu yote siku ile ile mkutano unapomalizika, na sanduku hubaki na vitabu na vyombo vya muhuri. Fedha imo katika samaki, katika mawese, katika sabuni, imesambaa katika nyumba ishirini. Mwizi atazunguka mpaka alfajiri.

Werevu huo ulionekana pia mwaka 2024, nchi nne zizungukazo ziwa zilipokubaliana kuzuia uvuvi kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Ni sheria yenye maana, nasi twaiunga mkono, lakini mama mwenye kuanika ndagala hali sheria. Aliye na hisa hukopa akageukia mawese au unga wa muhogo mpaka nyavu zirudi majini. Asiye na kitu huuza sufuria.

Palipo na sifa pana lawama. Wako watu waliogundua kwamba shirika la kigeni likisikia neno chama hufungua mkoba, na kwa ajili hiyo wameanzisha vyama ambavyo wanachama wake wamo katika karatasi tu, pamoja na mhuri mzuri wa rangi ya buluu. Gari la wageni likiondoka, chama nacho huondoka. Kupambanua ni rahisi: ulizeni ni nani aliyetozwa faini juma lililopita. Chama cha kweli kitawataja watatu papo hapo.

Tusisahau salongo. Hiyo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mji, desturi iliyobaki tangu enzi za Mobutu, nayo ina sura mbili. Ikiamriwa kutoka juu, watu hutoka na majembe ili waonekane, na njia hubaki kama ilivyokuwa. Lakini mtaa ukiona mfereji umeziba na mbu wameongezeka, vijana hutoka wenyewe, na mama mmoja hupika bukari na sombe kwa wote. Kazi hiyo si mchezo. Kipindupindu ni mgeni wa kila mwaka katika miji ya ziwa hili, kwa kuwa watu wengi huteka maji ziwani na mitoni. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuisaidia hospitali ya Baraka mwaka 2003, na wamewatibu wagonjwa wengi wasio na hesabu. Lakini choo cha mtaa huchimbwa na mtaa, na dumu la maji hutiwa dawa na mikono ya jirani asimamaye ufuoni tangu alfajiri.

Kuhusu kilio hatuna haja ya kusema mengi, maana ninyi nyote mwajua. Kuni, unga na mikeka huja bila kuitwa. Tuliona tu kwamba hapa majirani wa dini mbalimbali huketi kwenye mkeka mmoja, Waislamu na Wakristo, na mwenye simu huandika majina ya waliochanga ili deni la heshima lijulikane.

Wazee wa parokia wana kumbukumbu nyingine pia. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara waliuawa Baraka, na jioni ya siku ile ile Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo, waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira, na Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza ibada. Kwa jumuiya ndogo za Baraka na Fizi hiyo ilikuwa pia kazi ya sufuria na nauli: nani atasafiri, nani atabaki na watoto, nani atawapa wageni mahali pa kulala.

Na wageni hawaishi. Tangu mwaka 2015 Warundi waliokimbia kwao wanakaa katika kambi ya Lusenda, na baadaye wengine wakapelekwa Mulongwe, karibu na Baraka. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za ufuoni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 mafuriko yalikifagia kijiji cha Kasaba, katika wilaya hiyo hiyo ya Fizi, na wakuu walihesabu maiti zaidi ya mia. Mwaka huo huo, baada ya Bukavu kutwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari, jamaa nyingi zilishuka kusini kwa njia ile ile tuliyoipita sisi. Walio wengi hawakwenda kambini. Walibisha hodi kwa shangazi, kwa mwanafunzi mwenzao wa zamani, kwa mtu waliyejuana naye Nyarugusu.

Hapo akina mama wa sanduku wamepata swali gumu kuliko hesabu zote. Mama aliyehamia mtaani juzi ataka kuingia chamani. Ana mikono ya kazi na ana njaa ya mtaji, lakini huenda kesho akaondoka na mkopo, wala si kwa wizi, ila kwa kukimbia. Katika mkutano tuliouhudhuria jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko kuhesabu fedha. Wengine walisema angoje mzunguko ujao. Wengine, waliokaa ng'ambo miaka mingi, walikumbusha kwamba Kigoma waliuziwa chumvi kwa mkopo na watu wasiowajua hata jina. Mwishowe walikubaliana aingie, anunue hisa kama wote, asikope zaidi ya alichokwisha kuweka mpaka mzunguko huu uishe, na mwanachama mmoja awe mdhamini wake. Wanawake wawili wakainua mkono kwa pamoja kumdhamini. Akapewa kitabu kipya, ukapigwa muhuri mmoja, makufuli yakafungwa moja baada ya jingine, na akina mama wakachukua madumu yao kwenda kuteka maji kabla ya giza.